Binti Anasomea Ualimu: Je, Mama Umepiga Hesabu ya Deni?

Ilikuwa Jumamosi jioni pale Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza, na mdogo wangu alikuwa akizoa dagaa wake waliokauka. Mwezi ulikuwa umeanza kukua angani. Wenzetu mnaoishi mbali na ziwa pengine hamjui maana yake: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikishatanda wavuvi hupumzika. Siku kama hizo mama muuza dagaa huwa na fedha kidogo mkononi na wasiwasi mwingi kichwani, maana fedha hiyo ndiyo itakayomfikisha mpaka giza lijalo.

Ndipo binti yake alipokuja na karatasi. Alikuwa amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, na matokeo yake hayakuwa mabaya. Alikuwa anaomba mkopo wa serikali ili akasomee shahada ya ualimu.

"Mama, hapa ni mahali pa mdhamini. Unatia sahihi hapa."

Mdogo wangu alinitazama mimi. "Dada, hebu soma wewe kwanza. Isije ikawa naweka nyumba rehani bila kujua."

Nilisoma. Nyumba haikuwekwa rehani. Lakini swali lake lilinifanya nione haya kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nina watoto wawili waliopita njia hiyohiyo, na sikuuliza. Nilitia sahihi kama mtu anayepokea kadi ya mwaliko wa harusi. Wengi wetu akina mama tunafanya hivyo. Tunajua bei ya ndoo ya dagaa asubuhi na bei yake jioni, tunajua mchele umepanda kwa kiasi gani tangu wiki iliyopita, lakini deni kubwa kuliko yote litakaloingia katika maisha ya binti yetu tunalipitisha bila hata kulipigia hesabu nyuma ya daftari la shule.

Basi jioni ile tulikaa chini, sisi watatu, tukapiga hesabu. Niliyoyajua na niliyoyauliza baadaye kwa walimu ninaowafahamu, ndiyo ninayowaletea hapa.

ZAMANI MWALIMU HAKUDAIWA

Sisi tuliokua miaka ya 1970 tunakumbuka ualimu ulivyokuwa. Mwaka 1974, huku huku kwetu kando ya ziwa, chama cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate nafasi katika shule ya msingi. Walimu hawakutosha hata kidogo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, na mpaka leo watu wazima huwaita "walimu wa UPE". Aliyekwenda chuo alisomeshwa na serikali. Akitoka chuoni alipangiwa shule, akapewa mshahara mdogo na heshima kubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tukaanza kusikia neno "uchangiaji". Maana yake ni kwamba mzazi na mwanafunzi wabebe sehemu ya gharama za chuo kikuu. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Wakati huohuo shule za sekondari za kata zilikuwa zinachipuka kila mahali kama uyoga baada ya mvua, na walimu wakawa adimu tena. Mtakumbuka wale vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi wakatupwa madarasani, watani wakawaita "voda fasta", kama zile vocha za simu.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa aliyechagua ualimu chuo kikuu alikuwa na bahati mbili: mkopo ulipatikana kwa urahisi kuliko kwa masomo mengine mengi, na ajira ilimsubiri. Jina lilitoka kwenye orodha, kijana akafunga begi akaenda kuripoti. Nawafahamu walimu wazuri sana walioingia kazini kwa mlango huo wa mkopo, ambao kama wangekuwa na fedha zao wangesomea sheria au biashara. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema tu kwamba akina mama wengi bado tunafikiri kwa hesabu ya miaka ile, na miaka ile imepita.

MSHAHARA WENYEWE

Tuanze na upande unaofurahisha, ule wa mshahara. Nitatumia viwango vya serikali vya mwaka wa fedha 2021/22, kwa sababu ndivyo ninavyovifahamu shilingi kwa shilingi. Mishahara imepandishwa tangu hapo, mwaka 2022 na tena Julai 2025, lakini namna ya kupiga hesabu ni ileile. Chukua kiwango cha sasa cha mwanao ukiweke mahali pa hiki.

Mwaka huo mwalimu mpya mwenye shahada alianza na shilingi 716,000 kwa mwezi. Mwenye stashahada alianza na 530,000. Mwenye cheti alianza na 419,000. Ukitazama hapo tu utasema: shahada, bila shaka! Tofauti ya shahada na stashahada ni shilingi 186,000 kila mwezi, na hiyo kwa mama wa Igombe ni fedha nyingi.

Lakini mshahara haufiki nyumbani wote. Mwalimu wa shahada hukatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, yaani 35,800. Hukatwa kodi ya mapato, ambayo kwa mshahara huo ilikuwa 52,040. Bima ya afya asilimia 3, yaani 21,480. Akiwa mwanachama wa Chama cha Walimu, asilimia 2, yaani 14,320. Halafu, kama alisoma kwa mkopo, Bodi huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: shilingi 107,400. Jumlisha, halafu toa. Anabaki na 484,960.

Sasa mchukue mwenzake wa stashahada ambaye hakukopa. Pensheni 26,500, kodi 18,680, bima 15,900, chama 10,600. Anabaki na 458,320.

Binti alirudia kutoa mara mbili, akidhani amekosea. Hakukosea. Tofauti ya fedha inayoingia mfukoni mwa walimu hawa wawili, mmoja ana shahada na deni, mwingine ana stashahada bila deni, ilikuwa shilingi 26,640 kwa mwezi. Mdogo wangu alicheka sana. "Miaka mitatu ya chuo kikuu," alisema, "kwa ajili ya ndoo moja ya dagaa!"

Nisiwe mchoyo kwa upande wa shahada. Deni lina mwisho. Likiisha, ile 107,400 hurudi mfukoni, na tofauti inakuwa 134,040 kila mwezi mpaka kustaafu. Tena pensheni hufuata mshahara, na milango ya ukuu wa shule na uafisa elimu humfungukia kwa wepesi zaidi mwenye shahada. Kwa hiyo swali si kama shahada inalipa. Inalipa. Swali ni lini inaanza kulipa, na kati ya leo na siku hiyo binti atakula nini.

Tuseme deni lake ni shilingi milioni 12, ambalo si jambo la ajabu ukijumlisha ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo kwa miaka mitatu. Kwa makato ya 107,400 itamchukua miezi 112, yaani miaka tisa na miezi minne. Mshahara ukipanda, makato nayo hupanda, na deni huisha mapema zaidi. Akiajiriwa na miaka 25, basi mpaka anafika miaka 33 au 34 hivi atakuwa analipa. Ndiyo miaka ileile ya kuolewa, kuzaa na kujenga.

TULIVYOPATA NAFUU HAPA HAPA KIRUMBA

Niwape habari moja njema, maana wako wazazi ambao bado wanaogopa jambo ambalo limeshaondolewa.

Waliokopa miaka ya nyuma walikutana na mambo mawili mazito. Kwanza, walikuwa wakikatwa asilimia 8, lakini mwishoni mwa 2016 sheria ilibadilishwa ikawa asilimia 15. Mtu alikuwa amepanga maisha yake kwa kipimo kimoja, akaamka mshahara umepungua. Pili, kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Angalieni ilivyofanya kazi. Kwa deni la milioni 12, asilimia 6 ni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Mwalimu anakatwa 107,400, zaidi ya nusu inamezwa na tozo, na deni lenyewe linapungua kwa 47,400 tu. Ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Na yule ambaye hakuwa na kazi kabisa, deni lake lilikuwa linanenepa naye anakonda.

Tarehe 1 Mei 2021 sherehe za Mei Mosi za taifa zilifanyika hapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, na hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta ile asilimia 6. Rafiki yangu mmoja ni mwalimu, anaishi karibu na uwanja huo. Aliniambia hakwenda uwanjani kwa sababu alikuwa na nguo za watoto za kufua. Alisikia makelele ya watu, akafikiri ni mpira. Jioni mumewe alipomweleza, hakuamini mpaka aliposikia taarifa ya habari.

Makato ya asilimia 15 hayakuondolewa. Lakini deni la leo halizaliani kama lile la zamani, na tofauti hiyo ni kubwa sana. Mzazi anayemkataza binti kukopa kwa sababu ya hadithi za 2018, anapiga hesabu ya zamani vilevile kama yule anayefikiri ajira ipo inasubiri.

MIAKA YA KUSUBIRI

Sasa nifike kwenye kidonda. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Ajira zilirudi, lakini kidogo kidogo, na walimu wa sayansi na hisabati ndio waliotafutwa kwanza. Walimu wa masomo ya sanaa, yaani historia, jiografia, Kiswahili na mengineyo, walianza kurundikana nyumbani. Vyuo navyo viliendelea kuwatoa kila mwaka. Mapema mwaka 2025, walimu walipoitwa kwenye usaili, nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba walikuwa zaidi ya 200,000. Gawanya mwenyewe. Ni karibu watu 14 wanaogombea kiti kimoja, na baadhi yao wamemaliza chuo miaka mingi nyuma.

Kuna mama mmoja hapa Nyakato ambaye mwanangu mdogo alisoma kwake chekechea. Ana shahada ya ualimu wa sanaa aliyoipata mwaka 2015. Tangu hapo hajawahi kuingia kwenye orodha ya serikali. Alijitolea mwaka mzima katika shule ya sekondari, akilipwa na wazazi nauli tu, na wakati mwingine hata hiyo hakuipata. Baadaye alipata shule ya binafsi ambayo mshahara wake ulichelewa miezi mitatu kwa mkupuo. Siku hizi anafundisha watoto wadogo asubuhi, anafundisha twisheni jioni, na kila alfajiri huchoma maandazi. Nilimwuliza kama anajutia ualimu. Alifikiri kwa muda mrefu.

"Sijutii kufundisha," alisema. "Najutia kwamba nilikaa miaka mitatu ya kwanza nikingoja. Kila nilipotaka kuanza biashara, mama alikuwa ananiambia, subiri kidogo, majina yatatoka. Sikuwa na kazi wala mtaji, na deni likawa linaongezeka. Kama ningeanza maandazi siku ile nilipovua joho, leo ningekuwa na duka."

Maneno ya mama huyu niliyarudia kwa mdogo wangu mara mbili, maana alikuwa amekwisha kusema, "Akimaliza tu atapata."

Jambo jingine ambalo mama wa Nyakato hakulijua mapema: sheria haimsahau aliyejiajiri. Baada ya kumaliza chuo mnufaika hupewa miezi 24 ya kujipanga. Baada ya hapo, hata kama hana mwajiri, anatakiwa kujitokeza na kulipa. Kiwango kilichotajwa kwa aliyejiajiri ni shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yake. Kwa mchoma maandazi hiyo ni nyingi. Lakini kunyamaza ni vibaya zaidi. Bodi ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Mtu aende, aeleze hali yake, ajue deni lake ni kiasi gani. Wengi wa walimu niliozungumza nao hawakuijua jumla ya deni lao mpaka siku walipoiona kwenye karatasi ya mshahara.

BUMU LILILOJENGA PAA

Nilipokuwa nakusanya habari hizi nilivuka kwenda Sengerema kumwona mwalimu mmoja ambaye ni binti wa rafiki yangu. (Siku hizi tunavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, tangu Juni 2025. Sisi tuliolala kwenye foleni ya kivuko na watoto mgongoni tunajua raha yake.) Yeye alibahatika, aliajiriwa, anafundisha hisabati. Alinionyesha karatasi yake ya mshahara, akaniambia jambo ambalo limenikaa moyoni.

Alipokuwa chuoni, kila fedha za kujikimu zilipotoka, zile ambazo wanafunzi huziita "bumu", alikuwa anampelekea mama yake sehemu. Laki moja muhula huu, laki na nusu muhula ule. Kwa fedha hizo mama alinunua mabati, nyumba ya nyasi ikawa ya bati. Mama alisifu kijijini kote kwamba mwanawe ameanza kumsaidia hata kabla ya kupata kazi.

"Mama hakujua kwamba ni deni," aliniambia. "Alifikiri ni mshahara wa kusoma. Na mimi niliona haya kumwambia. Sasa ninalipa yale mabati mwezi hadi mwezi, na yeye bado anafikiri nina fedha nyingi."

Akina mama wenzangu, ni wangapi kati yetu tumepokea fedha za namna hiyo tukasema "ahsante mwanangu" bila kuuliza zimetoka wapi? Nami nimo. Mwanangu wa kwanza aliniletea kitenge cha bumu. Bado ninacho.

Makato ya Bodi, kwa kipimo chake, hayajamwangusha mwalimu huyu. Kilichomwangusha ni yale madeni ya juu yake. Watu wa nyumbani, wakijua ameajiriwa, walianza kuleta shida zao zote kwa pamoja: ada ya mdogo wake, ugonjwa wa bibi, mchango wa harusi ya binamu. Akakopa benki mpaka kikomo. Mtumishi wa serikali hubakiziwa walau theluthi ya mshahara wake, kwa hiyo benki ikifika hapo husimama. Ndipo alipokwenda kwa wale wakopeshaji wa mitaani, wa mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Hawa hawasimami kwenye theluthi. Walichukua kadi yake ya benki na namba ya siri, na kila mwisho wa mwezi wao ndio waliokwenda kutoa mshahara, wakamrudishia kilichobaki. Kwa miezi saba mwalimu wa hisabati alikuwa anaomba chumvi kwa jirani. Mumewe hakujua. Siku alipojua, nyumba nusura ivunjike, na kwa maelezo yake mwenyewe si kwa sababu ya fedha bali kwa sababu ya siri.

Wote wawili ni walimu. Wote wawili walisoma kwa mkopo. Katika nyumba moja yanatoka makato mawili ya asilimia 15, na hakuna hata mmoja aliyemtajia mwenzake kabla ya ndoa. Tunapowafunda mabinti zetu kuhusu jiko na kuhusu wakwe, hili nalo tuliingize. Huku kwetu Usukumani bado wako wazee wanaohesabu ng'ombe zaidi kwa binti aliyesoma; sijasikia hata mmoja aliyeuliza deni lake.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Narudi Igombe. Tulipomaliza hesabu ilikuwa giza, na shemeji yangu alikuwa amefika, amekaa pembeni anasikiliza. Yeye alikuwa na jibu lake tayari: aende stashahada, masomo ni mafupi, arudi haraka. Chuo cha Ualimu Butimba kipo hapa hapa mjini, alisema, na Murutunguru kipo Ukerewe kwa ndugu zake. Akishaajiriwa atajiendeleza polepole, hata kwa Chuo Kikuu Huria, huku mshahara unaingia.

Si ushauri wa kipumbavu. Ile tofauti ya 26,640 ilikuwa upande wake. Mwalimu anayepata shahada akiwa kazini hutafuta deni akiwa na chakula mezani, na hiyo ni hali tofauti kabisa na kulitafuta akiwa hana kitu. Lakini hata mwenye stashahada hupita kwenye usaili uleule na foleni ileile, na kubadilishiwa ngazi ya mshahara baada ya kujiendeleza huchukua muda wake. Stashahada hupunguza deni. Haiahidi kazi.

Kama binti angekuwa amesoma fizikia, kemia au hisabati, ningemwambia aende shahada bila kulala. Masomo hayo yamepewa kipaumbele kwenye mkopo na kwenye ajira. Hapa ndipo hesabu ya deni inapoanzia hasa, si kwenye fomu ya chuo bali kidato cha pili, pale binti anaposema hisabati ni ngumu na sisi tunamjibu, "hata mimi ilinishinda". Nimesema hivyo mimi mwenyewe kwa mabinti zangu. Lakini huyu tayari alikuwa na HGK yake, na hatuwezi kumrudisha nyuma.

Jambo jingine tulilolitazama ni kwamba mkopo hautolewi sawa kwa wote. Bodi hupima hali ya familia, na wengine hupata sehemu tu. Sehemu inayobaki ni ya mzazi. Mdogo wangu ilimbidi ajue kama dagaa wake watafikia hapo, maana akipungukiwa katikati ya mwaka wa pili, binti atarudi nyumbani akiwa na deni lakini bila cheti. Huo kwa maoni yangu ndio mtego mbaya kuliko yote, na ndio sababu mtu hutakiwa kukaa chini na kupiga hesabu kabla ya kuanza kujenga, kama yule mtu wa mnara katika Injili ya Luka.

Mwishowe mdogo wangu alimgeukia binti yake akamwuliza swali ambalo sisi watu wazima tulikuwa hatujamwuliza jioni nzima. "Wewe mwenyewe, unataka kufundisha?"

"Nataka, mama. Nataka kufundisha Kiswahili."

"Hata kama utangoja miaka mitano?"

Binti alitazama chini. "Nitangoja. Lakini sitakaa bure."

Basi wakapatana, mama na binti, nami nikiwa shahidi. Fedha ya bumu haitarudi Igombe hata senti moja. Ile itakayobaki itawekwa akiba kwa ajili ya miezi ya kwanza baada ya chuo. Kila likizo binti atapewa ndoo zake mwenyewe za dagaa, azikaushe, azipeleke Mwaloni Kirumba, na faida iwe yake, ili siku atakapovua joho awe na mtaji na awajue wanunuzi kwa majina. Wakati wa mazoezi ya kufundisha hatang'ang'ania shule za mjini, ataomba za mbali, ambako mwalimu mkuu huwa anakumbuka jina la aliyekuja. Na atakapopata mchumba, atamwambia jumla ya deni kabla ya barua ya posa kupokelewa. Hapo shemeji alikohoa kidogo, lakini hakupinga.

Mdogo wangu alijifuta mikono kwenye kanga, akaomba taa isogezwe karibu. Alitia sahihi polepole, herufi moja moja, jina lake lote matatu. Binti alipoikunja ile karatasi niliona kwamba magamba mawili matatu ya dagaa yalikuwa yameganda karibu na sahihi. Alitaka kuyapangusa, mama yake akamwambia ayaache.